Baridi Iliyotulipia Karo

Enzi zetu, mtoto wa Nyeri aliyeoga mwili mzima mwezi wa Julai alishukiwa kuwa na jambo analoficha. Sisi wengine tulioga pasipoti: uso, mikono, na miguu mpaka pale soksi zinapoishia. Yaliyobaki yalikuwa siri kati ya mtu na Mungu wake. Magoti yaliyopasuka tuliyapaka mafuta ya kupikia, kwa hiyo darasa zima lilinuka chapati na hakuna aliyeweza kusoma kwa njaa. Gwaride la asubuhi mvuke ulitutoka midomoni, nasi tukabana vijiti katikati ya vidole tukijifanya tunavuta sigara kama mwalimu wa hesabu. Akitukamata alituchapa, na kimoyomoyo tulimshukuru, maana alipopiga palipata joto.

Mtu mmoja tu niliyemjua aliipenda baridi hiyo, naye alikuwa mama yangu. Alikuwa na mashine ya kufuma sweta, imekaa sebuleni mahali ambapo majirani waliweka televisheni. Ilikwenda na kurudi, krr, krr, tangu tukiamka hadi tukilala, na uzi wa rangi ya damu ya mzee ulikuwa kila mahali, hata ndani ya sahani ya githeri. Julai ikikaza, wazazi walipanga foleni mlangoni kwetu wakitaka sweta za shule. Baridi ndiyo iliyotulisha, ikatulipia karo, ikanifikisha chuo cha ualimu. Kwa hiyo kuilalamikia mbele yake ilikuwa sawa na kumtukana mwajiri wake.

"Nyamaza," alikuwa akisema. "Hiyo baridi ndio inakununulia viatu."

Kila asubuhi alifungua mlango akautazama mlima kabla hata ya kuwasha moto. Theluji ikiwa imeshuka chini, alitabasamu na kwenda kuagiza uzi zaidi. Jioni aliongoza maombi. Aliombea wagonjwa, wajane na serikali, halafu akateremsha sauti kidogo na kumwomba Mungu baridi isiondoke kabla ya Septemba. Tuliitikia amina kwa adabu zote. Kisha mimi na dada yangu tukaingia chini ya blanketi moja, meno yakigongana, na kupeleka ombi letu wenyewe la kupinga lile la mama. Tulitaka jua. Tulitaka jua kama la Mombasa, mji ambao tuliujua kwa kalenda ya ukutani tu.

Siku hizi naishi Ruring'u, papo hapo Nyeri, na ninalala ndani ya neti. Wenzangu wa rika langu mnaelewa uzito wa maneno hayo. Mbu walikuwa vitu vya watu wa Murang'a huko chini, na tuliwacheka sana kwa hilo. Nilipokwenda kununua neti niliona haya, nikamwambia mwenye duka kwamba ni ya mgeni.

Mlima nao umebaki na theluji kidogo pale kileleni, kama nywele za mjomba mwenye kipara anayekataa kunyoa. Sisemi baridi imekufa. Inakuja, lakini haina adabu tena: inatokea siku isiyoitwa, inaunguza viazi vya watu, inapotea. Julai tunaingoja, jua linawaka. Na usiniambie kilichoiangusha biashara ya mama ni mitumba. Mama alipigana na mitumba miaka mingi na akaishinda. Jua ndilo lililomweza.

Binti yangu, ambaye ana jina la mama yangu kama desturi yetu ilivyo, hutembea Julai na blauzi inayoishia juu ya kitovu na kifeni kidogo cha kuchaji mkononi. Nilipomweleza habari za kuoga pasipoti, alinitazama kwa huruma.

"Baba, si huo ulikuwa tu uchafu?"

Mwaka huu mama alitangaza kwamba Julai ikipita bila wanunuzi, mashine itauzwa. Alisema hivyo akimimina chai, kana kwamba anazungumzia kuku, lakini mimi nilikosa usingizi. Ikabidi nimchukue binti yangu twende kumwona sokoni, kwenye kibanda chake cha sweta.

Tulimkuta amekaa katikati ya sweta zake, naye amevaa moja, ile nzito kuliko zote, vifungo vimefungwa mpaka kooni. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi kidevuni. Wapita njia walicheka bila kujificha.

"Shosho, utazimia," binti yangu akasema. "Si utoe hiyo sweta?"

"Mimi nikitoa," mama akajibu, "nani ataamini kuko na baridi?"

Niliumia. Nilichukua sweta kwenye hanga, nikaivaa, nikafunga vifungo vyote na kukaa kando yake. Binti yangu alitoa simu atupige picha, akaghairi, naye akavaa moja juu ya ile nusu blauzi. Kisha akawasha kifeni chake na kukielekeza usoni kwa nyanya yake.

Tukakaa hivyo, watatu, kama wagonjwa wa homa. Nikalikumbuka lile ombi la chini ya blanketi. Kumbe Mungu hakuwa amelikataa, lilikuwa kwenye foleni. Utotoni nilitetemeka nikiomba jua. Leo, mtu mzima mwenye mvi, nilikuwa juani ndani ya sweta, mgongo umelowa, nikiomba baridi. Na kwa jinsi Mungu anavyochelewa kujibu, baridi itarudi ikute mashine imeshauzwa.