Wanyama wa Mbugani

Nimezaliwa na kukulia Dodoma mjini, na kwa sisi wa mjini mbuga ni mahali pa simba. Nilipohamishiwa shule moja ya msingi huko Bahi, nilimuuliza msichana mmoja wa darasa la tano baba yake anafanya kazi gani. Akasema, "Yuko mbugani, madamu." Nikafurahi kweli! Askari wa wanyamapori, nikajisemea, huyu lazima aje kuzungumza na darasa. Nikamtumia salamu aje.

Alikuja na bodaboda, suruali kaikunja hadi magotini, na nyuma ya pikipiki kafunga kambale wanene bado wanatikisa mikia. "Madamu, niliambiwa unataka kuona vya mbugani," akasema, akanikabidhi mmoja nikapike.

Kumbe kwao mbuga ni ile tambarare ya udongo mweusi chini ya kijiji. Mvua zikiwa nzuri inajaa maji, watu wanalima mpunga na kuvua samaki. Maji yakipungua, ng'ombe wanashuka kula majani. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nikiwa bado nacheka nikaona wazi nitafundishaje Maarifa ya Jamii mahali pale. Kijiji chenyewe kilikuwa kitabu, tena kimefunguliwa, na mimi nilikuwa nimewafungia watoto darasani wanakili ubaoni.

Basi tukatoka. Somo la ramani tulichora kwa majivu kwenye uwanja wa shule. Magunzi yakawa nyumba, kanga yangu ya bluu ikawa maji. Ubishi uliozuka hapo! Watoto wa wafugaji waliivuta kanga huku, watoto wa wakulima wakaivuta kule, kila upande unadai maji hayafiki pale. Somo la serikali ya kijiji tulifanya mkutano wa hadhara, kesi ikiwa ng'ombe waliokula mpunga wa mtu. Mwenyekiti alikuwa kitoto kifupi chenye sauti ya kukemea, na mtendaji alikuja na muhuri aliouchonga kwenye soli ya ndala. Yule msichana wa kambale, ambaye kwa kuogopa kukosea Kiswahili alikuwa hafungui kinywa, siku hiyo alisimama kumtetea mwenye ng'ombe mpaka mlalamikaji akaomba maji ya kunywa. Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu njiani kwa furaha.

Mwalimu mkuu hakufurahi. Alikuwa mwenyeji wa palepale, mtu wa tai na suruali iliyopigwa pasi, na kelele zetu zilimfika ofisini.

"Madamu, hii ni shule au mnada wa ng'ombe?"

"Wanajifunza, mkuu."

"Tutaona. Mtihani wa ujirani mwema unakuja. Wakifanya vibaya, mambo ya uwanjani yamekwisha. Unarudi ubaoni."

Ujirani mwema ni mtihani ambao shule za jirani hutungiana kwa zamu, kisha walimu hukusanyika kusahihisha pamoja. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Watoto wangu walikuwa moto!

Siku ya kusahihisha nikaona maswali. Sehemu nzima ilikuwa juu ya mbuga. Taja wanyama wanaopatikana mbugani. Eleza faida za mbuga. Mwongozo wa majibu ulisema simba, tembo, twiga. Faida ni utalii na fedha za kigeni. Watoto wangu waliandika ng'ombe, mbuzi, punda. Mmoja, ili asipunjwe, aliandika "ng'ombe wa babu na ng'ombe wa jirani." Faida: mpunga, malisho, kambale. Kalamu nyekundu ilipita humo bila huruma.

Nilisimama nikagomba. Nilieleza, nikaeleza tena, nikapandisha sauti.

"Tunakuelewa, mwalimu," kiongozi wa usahihishaji akaniambia kwa upole, "lakini mwongozo ni mwongozo."

Darasa langu likashika mkia. Mwalimu mkuu aliniagiza niwafundishe majibu ya mwongozo, tena ndani, na mlango ufungwe. Nikafanya hivyo. Simba, tembo, twiga. Utalii, fedha za kigeni. Waliimba pamoja, kwa sauti moja, na moyo ulinichoma kuliko nilivyotegemea.

Mchana nikabeba karatasi zao hadi ofisini kwake. Nikamwekea mezani ile ya msichana wa kambale. Alikuwa ameinamia ile michoro myekundu simu yake ilipoita. Alikuwa mkewe.

"Ng'ombe?" akasema kwenye simu. "Wako mbugani, mama. Si nilikwambia asubuhi? Wako mbugani, watarudi jioni."

Akakata simu. Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Nilijiuma mdomo nisicheke, nikashindwa, na yeye akashindwa pia, tukacheka mpaka mwalimu wa zamu akachungulia kuona kuna nini.

"Kesho tunashuka wote," akasema akifuta macho.

Asubuhi alitangulia mwenyewe, amevaa buti za mvua na tai yake shingoni. Njia nzima alituonyesha alipochungia akiwa mtoto, alipozamisha ndama, alipochapwa na babu yake kwa ajili ya ndama huyo. Watoto walikuwa wanakimbia ili wasimkose. Mimi nilikuwa nakimbia pia. Tulipofika kwenye majani, katikati ya ng'ombe wa kijiji kizima, akageuka.

"Haya, darasa la tano. Mbugani kuna wanyama gani?"

Msichana wa kambale akanyoosha kidole. Nyuma yake fahali alikuwa anakunywa maji.

"Simba," akasema.

"Tembo," akaongeza mwingine. "Twiga."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu aliinama hadi usawa wa msichana, akamwonyesha yule fahali.

"Huyu ni nani?"

"Ng'ombe wetu."

"Yuko wapi?"

"Mbugani."

"Basi umejibu. Na simba wana mbuga yao, mbali na hapa, nayo tutajifunza. Kila wiki mtashuka huku na madamu wenu."

Watoto walirusha mikono juu, ila msichana wa kambale alibaki amesimama vilevile, anafikiri.

"Na kwenye ujirani mwema, mwalimu? Tukiandika ng'ombe tutapata?"

Nilimtazama mwalimu mkuu. Alilegeza tai yake.

"Mtapata," akasema. "Zamu ijayo ya kutunga ni ya shule yetu, na swali hilo nitalitunga mimi."

Nikapiga makofi kabla ya wanafunzi.