Disketi za Baba Mdogo Juu ya Mafiga

Hadi leo nikimwona mtu wa ukoo wetu sokoni Same nageukia kwenye nyanya, najifanya nachagua, maana aibu niliyoipata mbele yao nilijitafutia mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Wakati ule kompyuta zilizotumika ndiyo zilikuwa zinaanza kuingia nchini, na baba mdogo akanunua moja, kubwa kama kabati la vyombo. Humo aliandika majina ya ukoo wote. Miaka mitatu alipanda Vudee, akashuka Maore, akiwauliza wazee nani kamzaa nani. Umeme wetu ulikuwa wa kukatika na kurudi kwa hasira, kwa hiyo akanituma dukani nikachague kitu cha kuhifadhia nakala.

"CD au disketi?" muuzaji akaniuliza. Nikatazama rafu (mimi mbele ya mgeni ulimi unalala). Akasema CD zinahitaji mashine ya kuziandikia, mnayo? Nikatikisa kichwa, akanipa disketi mbili. "Ziweke pakavu, wadudu wasifike." Hapo ndipo ningeuliza pakavu kiasi gani. Sikuuliza.

Baba mdogo akanakili majina, akanikabidhi disketi nitunze. Sasa kwetu Upareni kitu usichotaka kiharibike, kama mahindi ya mbegu, unakiweka darini jikoni juu ya mafiga, moshi ukifukize, dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, asikisogelee. Nikaona hakuna pakavu kuliko pale, nikazifunga kwa kamba ya mgomba katikati ya mahindi, nikashuka najipongeza.

Mwezi haujaisha, umeme ukarudi kwa kishindo na kompyuta ikafa, siku mbili kabla ya mkutano wa ukoo. Baba mdogo hata hakushtuka. Akaazima kompyuta ya fundi mmoja pamoja na fundi mwenyewe, na Jumamosi wazee wakajaa uani.

"Kijana wangu ametunza nakala," akatangaza. "Haya, lete!"

Nikapanda darini wote wakinitazama, na shati langu jeupe la kanisani, nikashuka na mahindi manne na vitu viwili vyeusi vilivyojikunja kama maganda ya ndizi.

Fundi akakishika kimoja kwa ncha za vidole. "Hiki hakiingii kwenye mashine yangu. Kimeungua?"

"Hakijaungua," nikasema kwa sauti ya kifaranga. "Kimefukizwa."

Bibi akauliza, "Kwani mjukuu wangu, kompyuta nayo inaliwa na dumuzi?"

Walicheka mpaka mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alikuwa anaifuta disketi kwa leso, taratibu, kama anamfuta mtoto kamasi.

"Chukua daftari," akaniambia. "Wazee watataja upya, wewe andika."

Mimi, darasa la saba la kusukumwa, naandika kama kinyonga anavyotembea! Nikawa nasema "babu, shikamoo, subiri kidogo" mpaka gari la Maore likawaacha watu. Na wazee walipogundua kwamba daftari ni jipya, wakaanza kusahihisha.

"Huyo mruke," akasema Mzee Kiangi. "Alisogeza mpaka wa shamba langu."

"Basi na wewe ufutwe!" akajibu huyo wa mpaka.

Kufika jioni ukoo ulikuwa umepungukiwa na watu kumi na mmoja, wote wazima, watatu wamekaa palepale wanakunywa chai yetu.

Jumatatu baba mdogo akaanza tena kupanda Vudee, mlango kwa mlango, safari hii mimi nyuma yake na daftari. Hakunigombeza hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu hapo nimeapa: mtu akinieleza jambo nisilolielewa, nione haya nisione, nitamuuliza mpaka yeye ndiye achoke.