Muthokoi Chini ya Kitanda

Bado naiona asubuhi ile ya Jumamosi, mwanangu, kama naitazama kupitia mvuke wa sufuria. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimepanga chumba Mumbuni. Usingizi haujanitoka vizuri, nikasikia hodi. Mlangoni alikuwa nyanya yangu kutoka Kathiani, amebeba kifuko kingine cha muthokoi.

Kila mwezi aliniletea au kunitumia mahindi hayo, ameyakoboa mwenyewe kwa kinu. Na kila mwezi nilimwambia kwa simu kwamba yameisha, yalikuwa matamu. Uongo mtupu. Muthokoi hukaa motoni karibu nusu siku, na mimi nilikuwa na haraka zangu: smoki mbili asubuhi, vile visoseji vya barabarani vya kupasuliwa na kutiwa kachumbari, soseji jioni, siku imekwisha. Nilijiona mjanja kweli.

Nyanya aliinama aweke kifuko chini ya kitanda. Akakuta vingine vitatu, vimeingia wadudu.

Hakunigombeza. Aliomba sinia, akaketi sakafuni penye jua la dirishani, akaanza kupepeta. Mlio ule wa mahindi yakirushwa na kudakwa, polepole, hunijia hadi leo nikianza kusinzia.

“Nilidhani unakula, mwana wakwa,” alisema bila kuniangalia, akiniita mwanawe kwa Kikamba. “Huko nyumbani mvua ilikataa. Mimi niko na uji, hiyo inanitosha. Hii nilikuwa nakuwekea wewe.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo nikaona jinsi gauni lake lilivyompwaya mabegani. Tulipika yale yaliyopona, pamoja na maharagwe, hadi alasiri, chumba kizima kikanukia nyumbani kwetu. Nyanya alikula sahani mbili, kisha kwa aibu akauliza kama imebaki kidogo. Hapo nililia.

Kwa hiyo nikikukuta nje ya geti la chuo na smoki mkononi, sikukatazi. Hata mimi nazipenda, usiniseme. Lakini zisiwe ndicho chakula chako asubuhi na jioni. Jifunze kuteleka sufuria, hata mara mbili kwa wiki. Na kama chakula cha nyumbani kimekushinda, sema ukweli mapema, kabla mtu hajajinyima kwa ajili yako.

Mungu akujalie sufuria isiyokauka, mwanangu, na aliyekupikia umkute bado yupo, mle naye.