Mpakani Walinirudisha kwa Mume kwa Siku Mbili

Wakuu wa ukurasa huu wa wasomaji, hamjambo? Wazee wangu, shikamooni.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mwezi huu huu. Sijatia chumvi, yenyewe yalikuja na chumvi yake.

Nina hasira, nasema mapema. Lakini nimecheka pia, kwa hiyo someni tu.

Mimi ni mtu wa Itigi, nimesoma mpaka sekondari, na nina binti wa miaka mitatu, Mwajuma. Niliolewa na Shabani, dereva wa lori pale Singida mjini. Ndoa ikatushinda. Akaandika talaka kwa mkono wake mbele ya mashahidi wawili. Nikarudi kwa baba, nikakaa eda yangu mpaka ikaisha.

Sina la kumsema zaidi. (Kwa sasa.)

Nikapata barua ya kazi: ualimu katika shule ya wasichana huko Rhodesia ya Kaskazini, aliko kaka yangu. Barua imeandikwa Zaituni binti Ntandu, jina nililokua nalo. Na ilisema wazi kwamba shule inafunguliwa Jumatatu, asiyefika nafasi yake anapewa mwingine.

Sasa kosa langu.

Hati ya safari niliichukua nikiwa bado kwa Shabani. Karani wa siku ile hakuuliza baba yangu ni nani. Aliuliza, "Mume nani?" Akaandika Bibi Zaituni Shabani. Kwetu mwanamke akiolewa habadili jina, anabaki binti wa fulani mpaka kaburini. Lakini picha ilikuwa yangu, muhuri upo, nikasema basi, shida iko wapi?

Wakuu, shida ilikuwepo.

Tukapanda basi la Mbeya. Rungwa tukasimamishwa, akaingia jamaa mwenye wavu kusaka mbung'o, wale nzi wa malale, mpaka chini ya viti. Mwajuma akawa anamwonyesha kila nzi. "Huyu hapa! Na huyu!" Yule jamaa akashika kiuno: "Mama, huyu mtoto ananitafutia kazi au ananifukuzisha?" Basi zima likacheka.

Mbeya tukapanda lori mpaka mpakani. Ilikuwa Alhamisi.

Karani wa hapo, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akaweka hati na barua pamoja.

"Zaituni Shabani ni nani?"

"Mimi."

"Na Zaituni binti Ntandu?"

"Mimi."

"Haya. Mke wa mtu havuki bila barua ya ruhusa ya mumewe. Iko wapi?"

Nikatoa talaka. Akaisoma yote, taratibu, akanirudishia. "Pole, dada. Lakini hati hii ni ya mke wa Shabani. Kama wewe si mke wa Shabani, basi hati si yako."

"Nipe nyingine."

"Nyingine inatoka ulikoiomba."

Yaani Singida! Siku zote zile nirudi, mtoto mgongoni, na Jumatatu ile inanisubiri!

Nilisema maneno ambayo mhariri atayafuta, kwa hiyo siyaandiki.

Kwenye lori tulikuwa na mama mmoja anayeuza asali, Mama Sikudhani. Akanivuta pembeni. "Mwanangu, ficha hiyo talaka. Mpelekee huyo bwana telegramu akuruhusu, uvuke zako. Mdomo wake utapungua nini?"

Nilikuwa nimechoka, mtoto analia. Nikapeleka. Sijivunii.

Lori letu lililala hapo hapo mpakani. Kesho yake jibu likaja: NAMRUHUSU MKE WANGU AVUKE. NITAMFUATA.

Mke wangu! Mtu aliyeniandikia talaka kwa mkono wake!

Karani akafurahi, akanyanyua muhuri. "Umepona, dada."

"Usigonge," nikamwambia.

Mama Sikudhani akashika kichwa. "We mtoto una wazimu? Si ndiyo ruhusa hiyo?"

Karani akaweka muhuri chini. "Mimi Mwislamu mwenzako. Eda imekwisha?"

"Imekwisha."

"Basi hawezi kukurejea kwa telegramu. Angeleta hiyo ndani ya eda, ungekuwa mke wake umesimama hapo hapo. Sasa mpaka ndoa mpya, na wewe ukubali. Ila ukivuka kwa karatasi hii, watu wote hawa watasema ulikubali."

Geukeni mtazame lori lile, wakuu. Nusu ya abiria ni watu wa Singida. Habari ingefika nyumbani kabla ya vumbi letu kutulia.

Nikaingia kwa bwana mkubwa wa kituo, Mzungu, bila kuitwa. Nikamwambia kwa Kiingereza cha shule kwamba mimi si mke wa mtu, nina talaka, nina kazi, na nataka jina langu liandikwe kwenye hati yangu. Akaniangalia kama meza imesema. Akajibu kwamba hawezi kuandika jina jipya mpaka mwanamume mwenye mamlaka juu yangu athibitishe.

Jina jipya! Jina nililoitwa kabla sijaota meno!

Lakini Jumatatu haingoji hasira zangu. Baba yangu anafanya kazi stesheni ya Itigi, simu ya waya iko mlangoni kwake. Nikapeleka telegramu ya pili. Lori likaondoka, Mama Sikudhani akatuachia kibuyu cha asali. Tukalala nyumbani kwa karani, kwa mkewe, mwanamke mkarimu sana.

Jumamosi asubuhi jibu likaja: HUYO NI BINTI NTANDU. NILIMZAA MIMI. APITE NA MTOTO WAKE.

Bwana mkubwa akasoma, akacheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni. Akakata lile jina kwa wino mwekundu, akaandika langu juu yake, akatia sahihi, akagonga muhuri.

Tulifika Jumapili jioni. Jumatatu nilikuwa mbele ya darasa, macho mekundu, chaki mkononi.

Sasa sikieni. Juzi dereva mwingine wa lori aliniletea salamu za yule karani wa mpakani. Shabani kweli alifuata! Amevaa kanzu mpya, anaulizia mke wake, Zaituni Shabani. Karani akafungua daftari, akapitisha kidole ukurasa mzima.

"Hakuna mtu wa jina hilo aliyevuka hapa."

"Ni mke wangu, nilimruhusu kwa telegramu!"

"Una mke? Vizuri. Na yeye barua yake ya kukuruhusu wewe iko wapi?"

Shabani akarudi na lori lile lile lililomleta.

Akitaka kumwona mwanawe, mlango uko wazi, mchana, kwa hodi. Mke hayupo.

Kina mama wenzangu mlioachika, eda ikiisha tu nendeni na talaka yenu mkabadilishe hati kabla hamjafunga sanduku. Mimi nilidhani uso unatosha. Hautoshi. Na msipeleke telegramu kwa mtu mliyeachana naye, hata mtoto alie vipi.

Wenye kujua sheria, nijibuni hapa hapa: mwanamume akivuka mpaka, huwa anathibitishwa na nani? Na nyie mnaoona nilikuwa na kiburi, andikeni pia, sikimbii.

Bahasha iandikwe Mwalimu Zaituni binti Ntandu.