Ngamia Aliyetolewa Alama

Wajukuu zangu, nyinyi mnaopangusa picha kwa kidole mpaka kizee anakuwa msichana, kaeni mnisikilize. Shule sikusoma, lakini picha moja iliwahi kunitia jasho hapa Garissa, soko la mifugo, mchana kweupe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kikundi chetu cha wajane kilikuwa na ngamia mmoja tu wa maziwa, na mayatima tuliowalea walikunywa kwake. Tulitaka kuwaomba wafadhili tangi la maji, na ombi lilitaka picha ya ngamia huyo. Binti yangu alikuwa karani katika ofisi ndogo ya misaada. Programu ya kununua hawakuiweza. Ya kurekebishia picha walikuwa nayo ya bure, imeletwa kwa diski kutoka Nairobi. Akaiingiza picha yetu ya karatasi kwenye kompyuta, mimi nimesimama nyuma yake.

"Toa hilo vumbi," nikamwambia. "Toa na kovu la shingoni. Wageni watadhani anaumwa."

"Hooyo, mama yangu, hilo si kovu. Ni alama ya ukoo."

"Mama yako ni nani hapa? Toa."

Akatoa. Picha ikapendeza. Ile ya karatasi nikaitia motoni, ya nini tena?

Haukupita muda, ngamia akapotea malishoni. Tukamkuta sokoni, kamba mkononi mwa mwanamume wa ukoo wetu wenyewe. Alama ya ukoo ngamia wote wa ukoo wetu wanayo, lakini huyu alirusha teke siku ya kuchomwa, chuma kikateleza, mstari mmoja ukarefuka kama mkia. Nikawapa wazee wa soko picha yetu waamue, kifua mbele.

Yule mtu akacheka. "Tazameni, wazee. Wa kwake shingo tupu, wangu ana alama. Mama, ulimwogesha kwa sabuni gani?"

Soko zima likacheka.

"Picha umeleta mwenyewe," mzee mkubwa akasema. "Kama una jambo jingine, lilete kabla ya alasiri. Baada ya swala, anaondoka naye."

Nikakimbia ofisini, mtu mzima mimi, shungi linapepea. Binti akanisikiliza, akatoa diski kwenye droo.

"Ile ya kwanza sikuifuta. Nilirekebisha nakala."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamuru niifute."

Diski ikakoroma. Umeme ukakatika, ukarudi, tukaanza upya. Nilisoma dua zote nizijuazo. Karatasi ikatoka polepole, kichwa kwanza, halafu nundu, halafu shingo, na mstari ule mrefu upo. Adhana ilikuwa imeanza; nikarudi mbio sokoni.

Mzee aliufuata mstari kwa kidole kwenye karatasi, kisha kwenye shingo ya ngamia. Yule mtu aliachia kamba.

Tulipofika nyumbani nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, kabla hata ya kukamua. Nikasema: "Kuanzia leo, picha ya kwanza haiguswi. Rekebisheni nakala. Na mimi nikisema futa, nikatalieni."