Matanga ya Fundi wa Nyotani

Juzi kwenye karamu ya arusi hapa Uvira, kijana mmoja alishika maikrofoni akasimulia jinsi wanawake wa mtaa wetu wa Kalundu, zamani za uasi, walivyoweka matanga ya mtu wa redio. Watu walicheka mpaka wakamwaga bia. Mimi sikucheka. Nilikuwapo, rafiki yangu, nikiwa binti wa miaka tisa, na nitakueleza ilivyokuwa, maana nimechoka kusikia mama zetu wakiitwa wajinga.

Redio ilikuwa ya nyanya yangu. Betri zilipochoka alizianika juani kando ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ili zipate nguvu kidogo. Kila Jumapili mchana stesheni ya ng'ambo ya ziwa ilirusha mchezo wa Kiswahili kuhusu watu waliopanda chombo kwenda kwenye nyota. Uwanja wa nyumba yetu ulijaa, na mchezo ukiisha hakuna aliyeondoka, kwa sababu ndipo maoni yalipoanza. Jirani mmoja, mpakiaji wa bandarini, alishikilia kwamba chombo kile kimepakiwa vibaya, mzigo wote nyuma, ndiyo maana kinatetemeka. Mwalimu wetu alieleza kwamba kule hakuna hewa. Nyanya hakubishana na hewa, alibishana na chakula, na kwake chakula ni bukari, ugali wetu. "Bale bantu banakula unga wa mu kopo," alisema, "bila bukari, bila hata ndagala moja. Habatafika." Mimi nilikuwa nikichambua mchele wa Bwegera, masikio yakiwa angani, na mawe mengi yalipita.

Mtu mmoja tu hakutoa maoni: mama jirani, wa nyumba ya pili. Mwanawe, fundi wa baiskeli, aliwafuata waasi kwenye uwanda wa Ruzizi. Jeshi la serikali liliporudi mjini, mama yule alipata habari kwamba kijana ameuawa na kuachwa palepale alipoanguka. Kisha ikatoka amri: mwasi asililiwe, na nyumba itakayoweka matanga yake itahesabiwa ya waasi. Kwetu mtu asiyeliliwa ni kama hakuzaliwa. Mama yule akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, kuanika ndagala na kusalimia watu, kama hakuna aliyekufa. Alikuwa anakonda tukimtazama, hata sisi watoto tuliona.

Jumapili moja, katika mchezo, fundi wa chombo, mdogo kuliko wote, akafa. Kapteni akaomba dakika moja ya kimya, akaamuru mlango ufunguliwe, mwili ukaachiwa uende zake gizani. Muziki ukapigwa. Safari ikaendelea.

Ndipo mama jirani akatoa maoni yake ya kwanza. "Na mama yake? Nani ameambia mama yake?"

"Mama, huu ni mchezo tu," mwalimu akamjibu taratibu. "Yule hana mama."

"Kila muntu iko na mama, mwalimu."

Nyanya akazima redio, akavua kitambaa cha kichwa, akatandika mkeka katikati ya uwanja na kuketi miguu imenyooka, kama wanavyoketi wafiwa. "Minye nimekatala," akasema. "Habatupake muntu hivi. Tutamulilia." Akamvuta mama jirani akae ubavuni pake. Kilio kilichomtoka mama yule sijakisikia tena maishani.

Kesho yake walikuja askari watatu. "Nani amekufa hapa?" akauliza mkubwa wao.

Nyanya hakuinuka. "Fundi wa mu redio. Ule mwenye banatupa kule mu nyota."

"Weye mama, uko na wazimu? Ule hata si muntu!"

"Basi kama si muntu, amri yenu haimuhusu. Kama iko karatasi yenye kukataza kulilia wa mu nyota, soma, tutatoka."

Walitazamana, wakaangua kicheko, wakaenda kuwaambia wenzao. Kichekesho cha arusini kilizaliwa siku ile. Nyanya aliwaacha wacheke. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji.

Mpakiaji alileta kuni. Mwalimu, aliyesema fundi hana mama, alileta sukari ya chai akakaa mpaka mwisho. Siku ya tatu tukanyolewa nywele, na wakati wa sala mama jirani akasimama akataja jina la mwanawe, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Hakuna aliyemwambia kwamba fundi wa redio haitwi hivyo. Sote tulijibu, "Amina."

Uwanja ule ziwa limeupanda, siku hizi mitumbwi inapita juu yake. Nyanya hayuko, mama jirani hayuko, na nawakumbuka mpaka naumwa. Sioni tena watu wakisikiliza kitu kimoja pamoja na kukigombania hivyo. Lakini asiniambie mtu kwamba hatukuuelewa mchezo. Mwana wa mama jirani hana kaburi hadi leo, ila alililiwa siku tatu, mchana kweupe, na askari walikuja, wakaona, wakaondoka.