Jina Nililolificha

Siku ile mimi na wifi yangu Felista tulikuwa tunaanika mihogo, tunabishana nani kaunguza ugali wa jana. Ni yeye. Mpaka leo nasema ni yeye. Nilikuwa nimeolewa Msumbiji, kijiji cha bara mbali kidogo na ziwa, na habari za vita tulizisikia kwa wapitaji tu.

Kesho yake asubuhi wakaja. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo linaloninyima raha hata sasa, kwamba mwenye bunduki anaweza kuwa mpole vile. Mmoja alifungua daftari akasoma majina taratibu, kama katekista anayeita watoto wa komunyo.

Kijiji kimya. Hata kuku.

Lilipofika jina la mume wangu, akaitika, "Nipo." Jamani, mazoea! Kwenye jumuiya ya kanisa tuliitika hivyo kila wiki.

Akaenda nao. Hakurudi.

Mimi na Felista tukatembea siku nyingi, tukavuka mpaka hadi kwetu Mbaha, kwa mdogo wangu Skola. Skola alikuwa anaishi na virusi vya ukimwi. Dawa alikuwa ameziacha, ndiyo kwanza kazirudia, na kinga yake ilikuwa bado chini. Lakini mcheshi, na moyo mkubwa. Felista alipopata homa, kisha vipele vya usaha usoni na viganjani, Skola ndiye aliyemwogesha na kulala naye mkeka mmoja. Mimi nilikuwa nakoka moto na kulia.

Zahanati wakasema ni mpox. Siku ya pili akaja bwana afya, akaketi uani, akafungua daftari.

"Poleni na mgonjwa, mama. Nitajie majina ya wote waliomgusa."

Sauti ile ile ya upole. Nikatega sikio, uani hakuna hata kuku aliyekuwa akilia.

"Chanjo ni chache," akaendelea. "Tunaanza na waliomgusa mgonjwa, na sisi tunaowahudumia. Ikiwahi siku hizi za mwanzo, inaweza kuuzuia ugonjwa au kuupunguzia makali. Na mwenye kinga dhaifu msimfiche. Huyo ugonjwa ukimpata, unamwumiza kuliko wengine."

Nilimsikia vizuri. Sikumwamini. Skola alikuwa ndani, akataka kutoka, nikauegemea mlango kwa mgongo.

"Nimemgusa mimi," nikasema. "Peke yangu."

"Peke yako, mama?"

"Peke yangu."

Akaandika jina moja, akaniambia twende zahanati. Nilikuwa nimeshajitoa. Nilidhani nikifika huko zahanati sitarudi, na nikaona afadhali mimi kuliko mwana wa mama yangu. Wakanichoma sindano ya mkono, wakaniambia nenda nyumbani. Mjinga mimi, hata hapo sikusema.

Wiki ya pili Skola akashikwa na homa. Felista alipona, akabaki na makovu. Skola vidonda vilimwingia mdomoni, kisha machoni.

Aliniuliza mara moja tu. "Dada, mbona hukunitaja?"

Nikamweleza habari ya wale watu na daftari lao. Akanishika mkono. Baada ya siku tatu tukamzika.

Wanaonifahamu husema vita ilinichukulia mume. Wakimtaja Skola, husema ni ugonjwa, kazi ya Mungu. Nami huwaacha waseme. Mume wangu alichukuliwa. Skola hakuchukuliwa na mtu, nilimficha mimi mwenyewe.